Kiti Kitupu Nacho Hutoa Hukumu

Tarehe 3 Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliteua majaji 34. Orodha aliyoletewa na Tume ya Huduma za Mahakama (JSC) ilikuwa imelala mezani kwake tangu 2019, ikiwa na majina 41. Mmoja alifariki akisubiri kiapo. Wengine sita waliachwa nje: wanne waliokuwa wapandishwe kwenda Mahakama ya Rufaa, na wawili, msajili wa Mahakama Kuu na hakimu mkuu, waliokuwa waende Mahakama ya Mazingira na Ardhi.

Magazeti yaliwashika wale wanne. Haikushangaza. George Odunga na Joel Ngugi walikuwa kwenye jopo lililoizima BBI, mpango wa Rais wa kuirekebisha Katiba, wiki tatu tu kabla, na kila mtu alitaka kujua kama Rais alikuwa akilipiza kisasi. Wale wawili wa mazingira walitajwa mwishoni mwa habari, palepale msomaji anapofungua ukurasa wa michezo.

Lakini hebu tuirudie ile orodha na kuihesabu. Majina 11 yalikuwa ya Mahakama ya Rufaa. Kumi yalikuwa ya Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi. Ishirini, karibu nusu nzima, yalikuwa ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi. Mvutano tuliosimuliwa kama ugomvi wa Ikulu na Jaji Mkuu David Maraga, ukiuhesabu kwa vichwa, uliiumiza zaidi mahakama ya mashamba, misitu, mito na moshi wa viwanda. Sisemi ndiyo iliyokuwa nia. Nasema ndiko pigo lilikoangukia, na kwa karibu miaka miwili hapakuwa na aliyelizungumza hivyo.

Nalirudia jambo hili kwa sababu swali la uteuzi wa majaji na mazingira huulizwa kwetu kwa namna ambayo naona imekosea mlango. Watu huuliza: je, jaji huyu anapenda miti au anapenda saruji?

Swali hilo tumelipata Marekani, na kule lina mashiko. Mwaka 2007 Mahakama ya Juu ya Marekani iliamua, kwa kura tano dhidi ya nne, kwamba gesi zinazopasha dunia joto zinaingia ndani ya sheria ya hewa safi, na Shirika la Kulinda Mazingira (EPA) lina mamlaka juu yake. Mwaka 2022 mahakama hiyohiyo, kwa sita dhidi ya tatu, ikalikata shirika hilo mkono: haliwezi kutumia sheria ile kuwalazimisha wazalishaji wa umeme kuhama kutoka makaa ya mawe kwenda vyanzo vingine bila Bunge kusema waziwazi. Sheria iliyobishaniwa ilikuwa ileile. Waliobadilika ni watu. Watatu kati ya wale sita waliteuliwa na Donald Trump katika muhula wake wa kwanza. Mwaka 2024 ikaangushwa pia kanuni ya mwaka 1984 iliyowataka majaji wawasikilize wataalamu wa serikali pale sheria inapokuwa na utata. (Kesi iliyozaa kanuni ile ilihusu uamuzi wa EPA wakati Anne Gorsuch akiiongoza. Mwanawe, Neil Gorsuch, alikuwa miongoni mwa majaji walioizika. Mambo ya familia hayo.)

Kwa hiyo anayesema uteuzi wa jaji ni uteuzi wa sera ya mazingira ana ushahidi. Hata hivyo Marekani kwenyewe hesabu haikai sawasawa kila mara. Mwaka 2023, katika kesi ya maeneo oevu, Brett Kavanaugh, naye mteule wa Trump, aliungana na majaji watatu wa mrengo wa kushoto kukataa kipimo kipya kilichopunguza ardhi inayolindwa. Walishindwa kwa kura moja, lakini yeye alikuwa upande ambao waliompigia debe hawakumtarajia.

Upande wa pili wa hoja unakaa nyumbani kabisa. Mwaka 1989 Wangari Maathai alikwenda Mahakama Kuu ya Nairobi kuzuia jengo la ghorofa 60 lisisimamishwe katika bustani ya Uhuru Park. Mwaka mmoja nyuma yake, Katiba ilikuwa imerekebishwa na majaji wakaondolewa kinga yao kazini. Rais Moi angeweza kuwafukuza bila kupitia mlolongo wa zamani. Jaji aliyemsikiliza Maathai, Norbury Dugdale, alikuwa mgeni aliyeajiriwa kwa mkataba. Kesi ikatupwa: mama huyu, ilisemwa, hana haki ya kushtaki, maana hakuna dhara lililompata yeye binafsi.

Nikisema hukumu ile ilizaliwa na mkataba ule, nitakuwa nadai nisichoweza kukithibitisha. Jaji wa kudumu naye angeweza kuitupa kesi ile, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilikuwa finyu hivyo. Na hapo ndipo wanasheria wa kambi ya pili wanapopata nguvu. Wanasema: msihangaike na sura ya jaji, hangaikieni maandishi. Katiba ya 2010, kifungu cha 70, inampa mtu yeyote ruhusa ya kwenda mahakamani kwa ajili ya mazingira, na inatamka kwamba halazimiki kuonyesha kuwa yeye au mwingine amepata hasara au kuumia. Mrudishe jaji yuleyule leo umkalishe kwenye mahakama za Milimani, Nairobi: mlango alioufunga 1989 hauna tena bawaba za kufungia. Kinga ya majaji nayo ilirudishwa mwaka 1990. Na lile ghorofa? Halikujengwa. Liliuawa na kelele za wananchi na wafadhili waliojitoa, wala si kalamu ya jaji.

Hoja hiyo naipenda. Ina kasoro moja tu: maandishi hayajisomi yenyewe. Lazima awepo mtu wa kuyasoma, akae mahali, siku maalumu, saa tatu asubuhi, na faili iwe mbele yake.

Ndiyo maana kwa Kenya naona swali la mapenzi ya jaji ni la pili. Rais wetu hachagui kama anavyochagua mwenzake wa Washington. JSC hutangaza nafasi, huwahoji waombaji hadharani, kisha hupendekeza. Na kifungu cha 166 kinasema Rais atateua kulingana na mapendekezo hayo. Nguvu pekee aliyobakiwa nayo ni ya kukawia. Nayo inatosha, kwa sababu kesi ya mazingira, kuliko kesi nyingine nyingi, hubadilika umbo kadiri siku zinavyopita.

Inabadilika kuelekea upande gani? Hapo kesi mbili za Pwani zinatoa majibu yasiyopatana.

Ya kwanza ni Owino Uhuru, mtaa wa watu wapatao 3,000 pale Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari kilianza kazi hapo mwaka 2007, ukuta kwa ukuta na nyumba za watu. Moshi na maji machafu vikaingiza madini ya risasi kwenye udongo, na kutoka udongoni yakaingia kwenye damu za watoto. Kiwanda kilifungwa 2014. Wakazi, Phyllis Omido akiwa mbele yao, wakaenda mahakamani 2016. Hukumu ya Mahakama ya Mazingira na Ardhi ilitoka Julai 2020, ikawapa fidia ya shilingi bilioni 1.3 na kuibebesha NEMA, mamlaka yenyewe ya mazingira, sehemu kubwa ya lawama. Tazama tarehe hiyo: Julai 2020 ni katikati kabisa ya kipindi ambacho majaji 20 wa mahakama hiyohiyo walikuwa wamekwama Ikulu. Mwaka 2023 Mahakama ya Rufaa ikaifuta hesabu ya fidia na kuagiza ikakadiriwe upya. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikairejesha.

Kutoka ombi hadi neno la mwisho ni miaka minane. Ucheleweshaji wote huo siwezi kuutwika mgongo wa Ikulu. Rufaa ni haki ya kila mtu, na mawakili wetu wanajua kuomba kuahirishiwa. Ila ni ukweli pia kwamba katika miaka ile Mahakama ya Rufaa ilipungukiwa majaji hadi ikafunga baadhi ya vituo vyake nje ya Nairobi. Chelewa chelewa utamkuta mwana si wako, walisema wahenga. Wa Owino Uhuru walimkuta mwana ni wao, ila damu yake ina risasi. Sumu ilikuwa imekwisha kumwagika, kwa hiyo kila mwezi wa kusubiri uliwaangukia walioathirika. Anayedaiwa fidia hapotezi usingizi kwa kesi kutajwa tena mwezi ujao.

Ya pili ni mtambo wa makaa ya mawe uliopangwa kujengwa Kwasasi, Lamu, wa megawati 1,050. Jopo la Kitaifa la Mazingira lilifuta leseni yake Juni 2019, baada ya wakazi kulalamika kwamba hawakushirikishwa ipasavyo. Kampuni ikakata rufaa katika Mahakama ya Mazingira na Ardhi, na rufaa hiyo ikakaa hadi Oktoba 2025 ilipotupwa na mahakama ya Malindi. Miaka sita! Katika miaka hiyo hakuna hata tofali lililowekwa. Benki ya Maendeleo ya Afrika ilishasema 2019 kuwa haitatia fedha. Mwaka 2020 benki kubwa ya China iliyotarajiwa kuubeba mradi nayo ikajiondoa. Rufaa ilipoamuliwa, mradi ulikuwa umebaki makaratasi.

Hapa mwendo wa pole uliwasaidia waliotaka kulinda mikoko na samaki. Mtetezi wa mazingira anayelia kuhusu mahakama zinazojikokota inabidi akiri kwamba Lamu zilimfaa. Na mwekezaji, ambaye husemwa kuwa ndiye rafiki wa mahakama dhaifu, alikuwa na kila sababu ya kutaka majaji wengi zaidi na wa haraka zaidi. Aliyeahidiwa kazi kwenye mtambo ule naye ana lalamiko halali: angeambiwa hapana mwaka 2020 akatafute riziki kwingine, kuliko kushikwa sikio miaka sita.

Kwa hiyo kiti kitupu kina mapendeleo, lakini si ya kijani wala ya saruji. Kinampendelea yule aliyepata alichotaka kabla kesi haijafunguliwa. Kama moshi umekwisha kutoka, kinamlinda mwenye bomba la moshi. Kama mtambo bado haujajengwa na kuna amri ya kuusimamisha, kinawalinda majirani. Kwa bahati mbaya, mengi tunayoyapeleka mahakamani ni ya aina ya kwanza: mto umeshachafuliwa, msitu umeshakatwa, kiwanja cha umma kimeshauzwa na kimeshapigwa ukuta. Ndiyo maana, nikijumlisha, naona kukawia kwa uteuzi huumiza mazingira zaidi ya kunavyoyafaa. Lakini si sheria ya maumbile, na anayetaka kuiuza kama sheria ya maumbile aulizwe habari za Lamu.

Sasa tumpe Rais haki yake. Ikulu ilisema majina yale sita yana doa la maadili, ikizitaja taarifa za kijasusi. Hoja hiyo haifai kubezwa. JSC si malaika. Jaji akishaapishwa hukaa hadi miaka 70, na kumwondoa ni safari ndefu. Kesi za ardhi na mazingira zimejaa fedha: hati miliki mbili za kiwanja kimoja, mgodi, kiwanja cha ufuoni. Jaji mmoja anayenunulika katika mahakama ile anaweza kuangamiza msitu mzima bila kelele, tena kwa hukumu iliyoandikwa vizuri. Mtu anayesema mlango wa kuingilia uwe mwembamba ana akili timamu.

Tatizo ni namna ilivyofanywa. Kama ushahidi ulikuwapo, mahali pake palikuwa JSC wakati wa usaili, ambako mwombaji angejibu. Haukuwekwa wazi. Tena wanne kati yao walikuwa tayari majaji wa Mahakama Kuu, na waliendelea kuamua kesi za watu huku wakiwa, kwa maelezo ya Ikulu, hawafai. Jaji asiyefaa kupandishwa kwa sababu ya maadili, anafaaje kubaki? Mahakama Kuu ilishasema Februari 2020 kwamba Rais hana hiari katika jambo hili. Oktoba 2021 ikampa siku 14 za kuwateua wale sita. Siku 14 zikapita, na nyingine nyingi nyuma yake.

Kuna pia hoja ambayo wanaharakati hawapendi kuisikia, nami naona ni nzito. Wengine wamekuwa wakitaka JSC itafute majaji wenye moyo wa mazingira. Naelewa wanakotoka, lakini ombi hilo ni upanga wa makali mawili. Ukiruhusu jaji achaguliwe kwa sababu anapenda miti, kesho mwenzako ataomba achaguliwe anayependa barabara. Na jaji anayependa miti kupita kiasi si lazima awatendee haki watu wanaoishi chini ya miti hiyo. Waulize Waogiek, jamii ya wenyeji wa msitu wa Mau. Serikali iliwafukuza kwa hoja ya kuhifadhi msitu, na ikabidi Mahakama ya Afrika kule Arusha iseme, Mei 2017, kwamba uhifadhi haukutosha kuhalalisha kuwatoa. Hapo aliyejifunika blanketi la mazingira alikuwa serikali.

Ninachokitaka zaidi ya moyo ni ujuzi. Mahakama ya Mazingira na Ardhi jina lake lina mambo mawili, ila ukipita koridoni utakuta ardhi imelala kitandani na mazingira yako sakafuni. Kesi nyingi mno ni za mipaka, urithi na hati. Si ajabu basi kwamba wengi wanaoomba kazi pale wamekulia kwenye kesi za viwanja. Kisha siku moja analetewa ripoti ya maabara inayoeleza kiasi cha risasi katika damu ya mtoto, na mashahidi wawili wa kitaalamu wanaopingana, aamue. Anayeweza kuhoji ripoti ile na asiyeweza wana tofauti kubwa kuliko anayependa miti na asiyeipenda. Kwenye usaili, muda unaotumika kumuuliza mwombaji kuhusu mali yake ungepunguzwa kidogo tu, akapewa tathmini ya athari za mazingira aisome na kusema ina mapengo gani.

Wanaoamini kwamba mteuaji humfunga mteule kamba shingoni watazame pia Mahakama ya Afrika Mashariki. Majaji wake hupendekezwa na nchi wanachama na kuteuliwa na mkutano wa marais haohao, ambao serikali zao ndizo hushtakiwa pale. Hata hivyo mwaka 2014 divisheni yake ya mwanzo iliamua kwamba mpango wa Tanzania wa kupitisha barabara ya lami ndani ya Serengeti unakiuka Mkataba wa Jumuiya. Miaka tisa baadaye, divisheni hiyohiyo iliitupa kesi ya bomba la mafuta la kutoka Hoima hadi Tanga, na sababu ilikuwa kwamba walalamikaji walichelewa kuifungua. Mkataba unampa mlalamikaji miezi miwili. Wapo waliosema majaji wameogopa marais. Huenda. Mimi niliisoma kama kisa kingine cha saa: mlalamikaji akichelewa siku kadhaa, kesi yake inakufa.

Wale wawili walioachwa nje, Judith Omange na Evans Makori, waliapishwa tarehe 14 Septemba 2022, siku moja baada ya William Ruto kuapishwa yeye mwenyewe. Wenzao wanne wakaapishwa nao. Joel Ngugi alikuwamo, ambaye Aprili 2018 alikuwa miongoni mwa majaji walioamua kwamba wavuvi wapatao 4,600 wa Lamu walipwe shilingi bilioni 1.76 kwa sababu ya ujenzi wa bandari. Ilikuwa imepita miaka mitatu tangu JSC iwapendekeze. Hakuna ushahidi mpya uliotolewa wa kuwasafisha, kama ambavyo haukutolewa wa kuwachafua. Alibadilika mwenye kalamu tu.

Wengi walisherehekea siku ile. Mimi ilinitia wasiwasi, kwa sababu ilionyesha kwamba kalamu ikitaka huchukua siku moja, na isipotaka huchukua miaka mitatu, na vyote viwili vinawezekana chini ya Katiba ileile. Kifungu cha 115 kinampa Rais siku 14 kushughulikia mswada uliotoka Bungeni. Kifungu cha 166, cha kuteua majaji, hakina siku hata moja iliyoandikwa.